"Nikicheka sana, wote wananitazama": jibu kwa mwalimu mwenye bipola

Swali: Daktari, shikamoo. Mimi ni mwalimu, nina miaka 34. Miaka sita iliyopita niliambiwa nina bipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Nimelazwa mara mbili, mara ya mwisho ni miaka mitatu sasa. Namshukuru Mungu nimetulia, nafanya kazi, namlea mwanangu wa miaka tisa. Tatizo langu ni kwamba nikicheka kwa sauti, mama yangu ananiuliza kama nimemeza dawa. Nikikasirika, mume wangu anauliza hivyo hivyo. Siku hizi hata mimi mwenyewe nikifurahi naogopa, sijui kama ni furaha yangu au ni ugonjwa. Namkumbuka yule mimi wa zamani, mwenye nguvu na maneno mengi, na wakati mwingine nafikiria kuacha dawa yangu, lithiamu, ili arudi. Halafu kazini tumepewa fomu inayouliza kama nina ulemavu. Nimekaa nayo siku tano sijaijaza. Je, mimi ni mlemavu? Nimepona au sijapona? Mimi ni nani sasa? Na mwanangu ameanza kuuliza kwa nini bibi anasema dawa, dawa, kila siku. Nimwambie nini?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Nakuita hivyo kwa sababu ndivyo ulivyoanza kujitambulisha. Umeandika "mimi ni mwalimu", kisha ukaandika "nina bipola". Lugha yetu imeshakufanyia sehemu ya kazi. Mtu akiwa na homa husema ana homa, wala hasemi yeye ni homa. Hata neno letu la kila siku, kuumwa, linatokana na kuuma: kuna kinachouma na kuna anayeumwa. Lakini kwenye magonjwa ya akili watu huigeuza sarufi ghafla na kusema "yule ni kichaa", kana kwamba aliyeumwa amegeuka kuwa meno. Wewe hukukosea ulipojieleza. Ulianza kukosea mwishoni, ulipochoka, ukauliza kama "wewe ni" mlemavu.

Nianze na kicheko, maana ndicho kinachokuumiza kila siku.

Mdogo wangu wa kiume ana bipola tangu akiwa na miaka 23. Wakati huo mimi tayari nilikuwa daktari wa magonjwa ya akili. Jioni moja tulikuwa na wageni, naye amesimama katikati ya sebule anaiga sauti na mwendo wa bosi wake, sote tumeshika mbavu. Nikamuuliza mbele ya watu wote, "Umemeza dawa leo?" Alinyamaza. Akaketi, akaweka mikono yote miwili juu ya mapaja kama mtoto aliyeambiwa atulie, na hakutia neno tena mpaka wageni walipoaga. Nilipokuwa nafunga mlango akaniambia, "Dada, leo nilikuwa nimefurahi tu." Usiku ule alipata usingizi wake wa saa saba, kama kawaida. Kesho yake akaenda kazini. Hakukuwa na ugonjwa wowote sebuleni siku ile. Kulikuwa na hofu yangu, nami nikamvika yeye.

Nakusimulia haya ili ujue kwamba wanaokuuliza si lazima wawe wakatili. Mama yako aliwahi kukuona ukiwa hali mbaya, na mtu aliyewahi kushtuka hivyo husikia kishindo hata pale kinapoanguka kijiko. Lakini hofu yao haiwezi kuwa kipimo cha afya yako. Kipimo kipo.

Ukiwa katikati ya furaha usijiulize "hii ni mimi au ni ugonjwa?" Swali hilo halijibiki kwa wakati huo, kwa sababu hisia hazina rangi mbili. Furaha ya mania, yaani ya hisia zilizopanda kupita kiasi, na furaha ya kawaida, dakika ya kwanza, zinafanana. Zinazotofautiana ni siku zinazofuata. Ndiyo maana sisi madaktari hatutambui ugonjwa kwa kicheko kimoja. Kwa vigezo tunavyotumia, mpando mdogo wa hisia unahesabika ukidumu siku 4 mfululizo au zaidi, mania kamili siku 7 au zaidi, isipokuwa hali iwe mbaya kiasi cha mtu kulazwa. Sonona, yaani huzuni nzito ya upande wa pili, inahesabika ikidumu wiki 2. Na si hisia peke yake: lazima iambatane na mabadiliko mengine ambayo hata jirani angeyaona, kama mtu kuongea bila kituo, kutumia pesa asivyozoea, kuanzisha mambo matano kwa siku moja.

Kwa hiyo jiulize: siku nne zilizopita zilikuwaje? Na katika siku hizo tazama usingizi kabla ya kitu kingine chochote. Kuna kukosa usingizi na kuna kutouhitaji, na hivi ni vitu viwili tofauti. Aliyekosa usingizi huamka mchovu, macho mazito, anatamani kurudi kitandani. Anayepanda kuelekea mania hulala kwa muda wa saa tatu tu, akaamka akiwa mwepesi, na usiku unaofuata akalala kwa muda wa saa mbili, akaamka mwepesi zaidi. Huo wepesi ndio unaostahili kuogopwa, kicheko hapana. Tena usingizi ukipungua huwa unachochea mpando wenyewe, kwa hiyo ukilinda saa ya kulala na saa ya kuamka unajitibu kwa kiasi fulani.

Kipimo cha pili ninachokiamini ni hiki: unaweza kuambiwa "hapana"? Mtu mwenye furaha akiambiwa "tupumzike sasa, tutaendelea kesho", huenda akanung'unika, lakini atakaa. Anayepanda, kila "hapana" kwake ni ukuta wa kuvunja.

Zaidi ya hapo kila mtu ana dalili zake mwenyewe za mwanzo. Kuna mama mmoja niliyemhudumia kwa miaka mingi, alikuwa na daftari la shule la kurasa 64. Kila asubuhi aliandika tarehe, saa alizolala, na neno moja tu: "sawa", "chini", "juu". Baada ya mwaka tukakaa nalo mezani tukalifunua pamoja. Kabla ya kila mpando, siku kama sita hivi, mwandiko wake ulikuwa mkubwa zaidi na umevuka mstari wa pembeni. Hakuna kitabu chochote cha tiba kilichoandika dalili hiyo. Ilikuwa yake. Tangu siku hiyo alikuwa akiona herufi zimevimba anapiga simu, anakuja, tunarekebisha dawa, mambo yanapita bila kulazwa. Hili si jambo la bahati ya mtu mmoja. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti wa Uingereza uliohusu watu 69 wenye bipola. Nusu yao hivi walifundishwa, katika vikao 7 hadi 12, kuzitambua dalili zao za mwanzo na kutafuta msaada mapema, pamoja na matibabu yao ya kawaida. Walikaa muda mrefu zaidi bila mania kurudi kuliko wale walioendelea na matibabu ya kawaida peke yake. Kwa upande wa sonona mafunzo hayo hayakuleta tofauti hiyo, nami nakuambia ili usijilaumu ukishindwa kuiona ikija. Sonona huja polepole, na huja ikiwa imefunika macho ya anayeijiwa.

Sasa mume na mama. Chagueni siku ambayo hakuna aliyekasirika, mkae, muandike ukurasa mmoja. Wewe ndiye unayeandika. Orodhesha dalili zako tatu au nne, zile za kweli, zilizotokea kabla ya kulazwa mara zote mbili. Andika nani ana ruhusa ya kukuuliza, na aulize kwa maneno gani. Wengi huchagua swali la usingizi, "umelala vipi wiki hii?", kwa sababu linajibika na halidhalilishi. Andika pia nini kifanyike ikiwa dalili mbili zimekaa siku tatu: nani apigiwe simu, mtoto abaki kwa nani, kadi ya benki ashike nani, dawa ipi ilikusaidia na ipi ilikutesa. Kisha liwepo sharti moja kutoka kwao: swali la dawa halitumiki kama jibu la ugomvi. Ukimlalamikia mume kwamba amechelewa kurudi bila taarifa, naye akajibu "umemeza dawa?", hapo hajauliza kuhusu afya yako. Amekunyima haki ya kukasirika. Nimeona ndoa zikivunjika kwa swali hilo moja, wakati ugonjwa wenyewe ulikuwa umetulia miaka.

Nije kwenye lithiamu. Hapa nitakuomba unisikilize kwa makini.

Usiiache ghafla. Watu wanaokata lithiamu kwa mkupuo hurudiwa na ugonjwa kwa wingi zaidi, na kwa haraka zaidi, kuliko wanaoipunguza taratibu. Pale inapoamuliwa kuiacha, huwa tunaipunguza kwa muda usiopungua wiki 4, na ikiwezekana hadi miezi 3, daktari akiwa anakutazama. Dawa hii imekaa nasi tangu mwaka 1949, daktari John Cade wa Australia alipoandika jinsi ilivyowatuliza wagonjwa wake wa mania, na miongoni mwa dawa za bipola ndiyo yenye ushahidi mzito kwamba hupunguza vifo vya kujiua. Siyo dawa ya kuchezea kwa kuimeza wala kwa kuiacha.

Lakini pia sitaki uambiwe "meza tu, nyamaza". Unaposema umempoteza yule mwenye nguvu na maneno mengi, mimi kama daktari nasikia mambo matatu tofauti, na yote yanachunguzika. La kwanza ni dozi. Kiwango cha lithiamu kwenye damu, kikipimwa baada ya saa 12 kupita tangu kumeza, kwa watu wengi waliotulia hutosha kikiwa kati ya milimoli 0.6 na 0.8 kwa lita. Kama chako kiko juu ya hapo, huenda akili imetiwa uzito usio wa lazima. Kay Redfield Jamison, mwanasaikolojia na profesa wa chuo kikuu cha Johns Hopkins, alitangaza hadharani mwaka 1995 kwamba yeye mwenyewe ana bipola. Alisimulia jinsi alivyoiacha lithiamu mara kadhaa akaumwa vibaya, na pia jinsi ilivyomfanya ashindwe kusoma kitabu kwa miaka. Dozi ilipopunguzwa kwa uangalizi, uwezo wa kusoma ukarudi. Hakulazimika kuchagua kati ya akili yake na dawa yake.

La pili ni tezi ya shingo. Lithiamu inaweza kuizubaisha, na tezi ikizubaa mtu huwa mchovu, husikia baridi, huongezeka uzito, hufikiri polepole. Hayo yote ukiyaona utadhani ndiyo "mimi mpya". Siyo, ni homoni imepungua, na ina tiba. Damu yako inatakiwa ipimwe kiwango cha dawa, tezi na figo angalau kila miezi 6. Kama hujapimwa mwaka mzima, hilo ndilo jambo la kufanya wiki hii. La tatu ni sonona iliyobakia, isiyokulaza kitandani ila imezima taa nusu. Hiyo nayo inatibika. Na kama katika nusu giza hiyo umewahi kufikiri kwamba ni heri usiwepo, usingoje miadi: mwambie mtu leo, na mwende naye kwenye huduma ya afya iliyo karibu.

(Kwa kuwa unatumia lithiamu: dawa za maumivu kama aibuprofeni na diklofenaki hupandisha kiwango chake mwilini, na kuharisha au kutapika sana hufanya hivyo hivyo. Ukianza kuyumba, ulimi kuwa mzito na mikono kutetemeka kwa nguvu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na kama mnapanga mtoto mwingine, zungumza na daktari kabla ya kushika mimba.)

Baada ya kupima yote hayo bado kutabaki kitu ambacho hakuna maabara itakachokiona, nacho ni msiba. Yule wa zamani hatarudi vile alivyokuwa, na sehemu ya nguvu zake, niseme ukweli, huenda ilikuwa mpando ambao bado haujapewa jina. Unayo haki ya kumlilia. Mwanasaikolojia Patricia Deegan aliambiwa ana skizofrenia, ugonjwa mzito wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo, akiwa na miaka 17. Mwaka 1988 aliandika habari zake mwenyewe sambamba na za kijana mmoja aliyepooza mwili, akaonyesha jinsi wote wawili walivyopita njia moja: kwanza walikataa, kisha wakakata tamaa kabisa, kisha kidogo kidogo wakaanza upya, mara nyingi wakirudi nyuma. Yule kijana hakutembea tena. Deegan hakurudi kuwa binti wa kabla ya ugonjwa. Kukubali kile wasichoweza ndiko kulikowafungulia kile walichoweza. Nimewarudia wagonjwa wangu maneno ya mama huyu kwa miaka, kwa sababu ameyaandika mtu aliyekuwa amelala ndani ya shimo lenyewe.

Kwa hiyo umepona? Ukiniuliza kama daktari wa kipimo, nitasema ugonjwa wako umetulia, na bipola huweza kurudi, ndiyo maana tunaendelea na dawa. Lakini kuna maana nyingine ya kupona, aliyoifafanua mtaalamu wa Marekani William Anthony mwaka 1993: mtu kuishi maisha yenye kuridhisha, yenye matumaini na mchango kwa wengine, hata pale ugonjwa unapobaki na mipaka yake. Kwa Kiswahili ninapenda kuiita ahueni, kwa kuwa mtu huwa katika ahueni na kuendelea nayo. Nayo si ndoto. Mwaka 1987 mtafiti Courtenay Harding na wenzake walichapisha habari za wagonjwa wa akili waliotolewa wodi za nyuma, za waliolazwa kwa muda mrefu, za hospitali ya jimbo la Vermont, Marekani, watu waliokuwa wameshahesabiwa kuwa hawafai tena, waliofuatiliwa kwa wastani wa miaka 32. Kati ya nusu na theluthi mbili walikuwa wamepata nafuu kubwa au wamepona. Wewe unafundisha darasa, una nyumba, unamlea mtoto. Uko ndani ya ahueni tayari, ila unaitazama kutoka upande wa hofu.

Fomu nayo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006 na kuanza kutumika Mei 2008, unawahesabu humo wenye hali za muda mrefu za mwili, akili, uelewa au hisi ambazo, zikikutana na vizuizi mbalimbali, huweza kuwazuia kushiriki kikamilifu katika jamii sawa na wengine. Litazame hilo neno zikikutana. Ulemavu katika maana hiyo haukai ndani yako peke yako. Unatokea pale hali yako inapogonga kizuizi. Ratiba inayokulazimisha kusahihisha mitihani hadi saa nane usiku ni kizuizi kwa mtu ambaye usingizi ndio dawa yake. Ikiondolewa, bipola yako iko pale pale, lakini hukuzuiwa.

Kwa hiyo unaweza kujaza "ndiyo" na kuwa mkweli kabisa. Kama unalazimika kujaza ni jambo jingine. Kabla ya kuweka alama uliza mambo mawili: nani ataisoma fomu hii, na nitapata nini? Kama inafungua mlango wa kuomba ratiba ya asubuhi, au ruhusa ya kwenda kliniki bila kudanganya kwamba unaumwa tumbo, na inatunzwa kwa siri, mimi ningejaza. Kama itazagaa ofisini na haileti chochote, hudaiwi siri yako na mtu. Wapo watu ambao neno ulemavu limewapa wenzao, haki zao, na nguvu ya kusimama. Wapo ambao halikai mdomoni mwao kabisa. Wote ni wazima. Alama kwenye kisanduku ni chombo cha kuombea unachohitaji, na mwaka kesho ukiona vingine utajaza vingine.

Amebaki mwanao. Mtoto wa miaka tisa akinyimwa maelezo hujitungia mwenyewe, na mara nyingi hujiweka yeye kuwa sababu. Mwambie jina la ugonjwa, kwa sauti ya kawaida, mkiwa mnafanya kazi nyingine ya mikono pamoja: "Mama ana ugonjwa unaoitwa bipola. Ugonjwa huo ukinishika, huwa na nguvu nyingi kupita kiasi, au huwa na huzuni sana. Dawa inanisaidia ili ugonjwa usinishike. Hukuusababisha wewe, na si kazi yako kuuponya." Akiuliza kama naye ataupata, usimwambie haiwezekani. Uwezekano wa mtoto wako ni mkubwa mara kadhaa kuliko wa watoto wengine, lakini watoto wengi wenye mzazi mwenye bipola hawaupati. Mwambie pia unaruhusiwa kucheka, na yeye anaruhusiwa kucheka na wewe bila kwanza kumtazama bibi. Halafu mpe jina la mtu mzima mmoja atakayemkimbilia siku ukiwa hujisikii vizuri, namba yake aijue kwa kichwa, na mtu huyo awe anajua kwamba ndiye aliyetajwa.